Kuendesha kituo cha redio ya ridhaa kilichoko Pemba nikiwa Mji Mkongwe: njia ipi inafaa?

Wa_Vuga

Assalaam alaykum.

Naomba ushauri wa waliowahi kuendesha redio ya ridhaa kwa kupitia mtandao wa kompyuta, yaani redio na antena zikiwa mahali pamoja na mwendeshaji akiwa kwengine kabisa.

Naishi Vuga, ghorofa ya pili, katika nyumba ya kupanga. Mlingoti juu ya paa la jengo lililomo ndani ya eneo la Urithi wa Dunia ni jambo la kuombewa ruhusa, na kwa kweli sijaona haja ya kuiomba, kwa sababu kinachonishinda hapa si paa bali ni kelele za umeme. Taa za LED, chaja za simu, inveta na adapta za kila namna, katika nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, hutoa mvumo ambao kuanzia magharibi hadi usiku mkubwa hauiachii mita ya redio kushuka chini ya S7 (S ni kipimo cha nguvu za mawimbi yanayopokelewa) katika bendi ya mita 40. Kituo cha mbali kinachofika kwa S4 ni kama hakipo.

Shamba letu la urithi liko Konde, kaskazini ya Pemba. Mdogo wangu anaishi hapo na familia yake, nyumba ya jirani iko mbali, na nilipofunga antena ya dipole ya bendi ya mita 20, ambayo waya wake una urefu wa mita 10 hivi, baina ya minazi miwili, nilipata utulivu ambao mjini nimeshausahau. Ndipo nilipoanza kufikiri kwamba redio ikae Konde moja kwa moja nami niiendeshe kutoka Vuga kwa kompyuta ya mkononi.

Nilicho nacho ni redio ya Icom IC-7300 ya wati 100, ambayo ina soketi ya USB lakini haina soketi ya mtandao, pamoja na kifaa chake cha umeme cha volti 13.8 na ruta ya laini ya simu ya 4G. Nilipoijaribu Konde, ruta hiyo ilionyesha anwani ya IP inayoanzia na 100, na nilipofuata maelekezo ya kufungua milango ya ruta ili niingie kutoka nje, hakuna kilichopita. Umeme upo, ila hukatika. Leseni yangu iko hai.

Ninachotaka kujua kwanza ni njia gani ya kuunganisha inayofanya kazi kwa laini za simu tulizonazo visiwani bila ya kumaliza bando la mwezi ndani ya wiki. Pia naomba kufahamu kama ucheleweshaji wa mtandao utaniruhusu kuzungumza na watu kama kawaida na kupiga Morse kwa mkono, kwani Morse ndiyo ninayoipenda zaidi. Na kama kuna jambo ambalo watu hulisahau mpaka likawagharimu, niambieni kabla sijapanda boti.

---

Fundi_Machomane

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hiyo anwani inayoanzia na 100 ndiyo habari muhimu kuliko zote ulizotupa. Kama tarakimu zinazofuata ziko baina ya 64 na 127, basi hiyo ni anwani ya pamoja: kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani, na ruta yako haionekani kutoka nje hata ukifungua milango yake yote. Usipoteze tena muda kwenye mipangilio ile, kwa sababu mlango unaotaka kuufungua hauko kwako, uko kwao. Na laini yako ya Vuga, ikiwa nayo ni ya simu, bila shaka iko katika hali hiyo hiyo.

Dawa yake ni kuifanya Konde ndiyo ipige hodi nje badala ya kungoja kupigiwa. Kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kutumia huduma kama Tailscale au ZeroTier, ambazo huviunganisha vifaa vyako katika mtandao mmoja wa faragha, hujaribu kwanza kuvikutanisha moja kwa moja, na zikishindwa hupitisha pakiti kwenye seva ya kati. Ya pili ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya hadharani, ukaweka WireGuard, ambayo ni programu ya VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti), halafu Konde na Vuga zote zikaunganishwa nayo. Ukichagua hii, weka mpangilio wa PersistentKeepalive wa sekunde 25 upande wa Konde, la sivyo njia iliyofunguliwa kwenye mtandao wa simu hufungwa ikikaa kimya. Mimi napendelea ya pili kwa sababu kila kitu kinakuwa mikononi mwangu, lakini kwa anayeanza ya kwanza haina usumbufu.

Angalia sana seva iko wapi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za njia huongeza milisekunde 10 kwa kwenda na kurudi. Seva iliyoko Ulaya iko zaidi ya kilomita 10,000 kwa njia ya nyaya za baharini, na sauti yako itakwenda huko kutoka Pemba na kurudi hadi Unguja, visiwa ambavyo baina yao pana kilomita 50 hivi tu za bahari. Kabla ya kununua chochote utakuwa umeshajiongezea milisekunde 100 kwa upande mmoja na 200 kwa kwenda na kurudi. Tafuta seva ya Afrika Mashariki, au ya Afrika Kusini ikikosekana.

Kuhusu redio, usiibadilishe. Kuna watakaokushauri ununue yenye soketi ya mtandao ndani yake, kama IC-7610, au ununue jozi ya visanduku vya RemoteRig vya kuendeshea redio kwa mbali. Ni vifaa vizuri, lakini IC-7300 hupitisha sauti na amri zake zote kwenye waya mmoja wa USB, kwa hiyo kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi iliyochomekwa kwenye redio pale Konde inatosha kabisa. Weka juu yake programu ya wfview, ambayo ni ya bure na imetengenezwa kwa ajili ya redio za Icom. Ile ya Konde iendeshe kama seva na ya Vuga kama mteja, na uso wa redio, pamoja na picha ya mawimbi ya bendi, utauona kwenye kioo chako. Mwenye redio ya kampuni nyengine anaweza kutumia programu za Hamlib kwa amri na Mumble kwa sauti.

Kuhusu bando, hesabu yake ni hii. Sauti isiyobanwa ya biti 16 kwa sampuli 48,000 kwa sekunde ni kilobiti 768 kwa sekunde, yaani karibu MB 345 kwa saa, na hiyo ndiyo inayomaliza bando. Sauti hiyo hiyo ikibanwa kwa Opus, ambayo ni njia ya kubana sauti, kwa kiwango cha kilobiti 32 hutumia MB 14 na kidogo kwa saa. Lakini usidanganyike na hesabu hii, kwani kila pakiti hubeba vichwa vyake vya anwani na vya VPN, na kwa kuwa sauti hukatwa vipande vidogo vya milisekunde 20, vichwa hivyo peke yake vinaweza kuwa vikubwa sawa na sauti yenyewe. Kadiria MB 30 kwa saa, kisha ongeza picha ya mawimbi, ambayo unaweza kuipunguza kasi au kuizima. Kwa masikio ya redio ya SSB (mtindo wa kawaida wa kurushia mazungumzo katika bendi hizi), ambayo sauti yake haizidi hezi 3,000 hivi, hutaona tofauti yoyote.

Na tafadhali, usiiache programu ya redio wazi kwenye intaneti ukitegemea neno la siri peke yake. Atakayeingia hatakuibia faili; atarusha hewani kwa alama yako ya mwito.

---

Baharia_Mkoani

Fundi amesema kweli katika yote, lakini mimi ningeanza kwengine. Ndugu Wa Vuga, kabla hujaulizia utaiwasha vipi redio iliyo mbali, jiulize utaizima vipi siku ambayo intaneti imekatika huku kitufe cha kurusha kikiwa kimebanwa. Hilo si jambo la kubuni. Amri ya kurusha imefika Konde, amri ya kuacha imepotea njiani kwa sababu mnara wa simu umekosa umeme, na redio inaendelea kutoa wati zake huku wewe ukitazama kioo kilichoganda. Utakuwa umeziba masafa kwa watu wa mabara matatu, na kikuza nguvu cha redio kinachemka.

Kwa hiyo weka vizuizi vya ngazi tofauti, kila kimoja kikifanya kazi bila ya kumtegemea mwenzake. Ndani ya IC-7300 yenyewe kuna mpangilio wa kukata urushaji ulioamriwa na kompyuta baada ya muda fulani. Uweke kwenye dakika 3. Kwa taarifa yako, dakika 3 ndicho kiwango ambacho kanuni za Marekani zimekiweka kwa kituo cha ridhaa kinachoendeshwa kwa mbali pindi kiungo chake kikiharibika, na sioni kwa nini sisi tujiwekee kipana zaidi. Juu ya hapo, kwenye ile kompyuta ndogo weka programu fupi inayopima mawasiliano na Vuga kila sekunde chache, na yakikatika iachilie kitufe mara moja. Halafu kizuizi cha mwisho kiwe relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayokata volti 13.8 na inayoamriwa kwa SMS kutoka laini ya kampuni nyengine, si ile ya ruta. SMS hupenya mahali ambapo data haipiti, na kampuni mbili haziangukii pamoja mara nyingi. Ukiwa na mambo haya matatu ndipo uanze kuzungumza habari za Opus.

Sasa umeme. Pemba inapata umeme kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na hali si kama ile ya zamani ya majenereta, lakini kituo kisicho na mtu hakiwezi kutegemea soketi ya ukutani peke yake. Weka betri. IC-7300 ikiwa inasikiliza tu hula ampea 1 hivi, na ikirusha kwa nguvu zote hufikia ampea 21. Ruta na kompyuta ndogo zinaweza kula ampea nyengine 1.2 kwa pamoja. Ukiiacha redio imewashwa mchana na usiku utatumia zaidi ya ampea-saa 50 kwa siku hata kama hukuzungumza na mtu, na betri ya risasi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kuteremshwa chini ya nusu, itakuwa imekwisha. Ukiizima redio kwa amri na kuacha ruta na kompyuta peke yake, unashuka hadi 29 hivi. IC-7300 inakubali kuwashwa na kuzimwa kwa waya wa USB ikiwa volti zipo, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuiacha ikivuma.

Ukifikiria sola, kumbuka kwa nini ulikimbia Vuga. Vidhibiti vingi vya sola vya bei nafuu hutoa kelele zile zile za inveta ulizozilalamikia, na ukikifunga kimoja chini ya antena utakuwa umebeba Mji Mkongwe mpaka Konde. Ama utafute kidhibiti kilichothibitishwa kuwa kimya, ama uweke relei inayotenga paneli wakati unaposikiliza. Adapta ya ruta nayo uitazame kwa jicho hilo hilo. Wati 100 zikirudi kwa nyuma kwenye nyaya huweza kuizima ruta au kuikata USB, na dalili yake ni kwamba kila ukirusha unapoteza mawasiliano halafu unadhani mtandao ni mbaya. Weka antena mbali na nyumba kadiri koaksi, yaani waya wa antena, inavyoruhusu, zungusha koaksi kwenye pete za feraiti pale inapoingia ndani, na ufanye vivyo hivyo kwa waya wa USB na wa ruta.

Kuhusu radi sina mengi. Wakati wa masika, na vuli pia, usitegemee kifaa cha kukinga. Mdogo wako afundishwe kuichomoa koaksi na kuiweka nje ya dirisha wingu linapokusanyika, na wewe uwe na namna ya kujua kwamba imechomolewa ili usirushe kwenye soketi tupu. Chumvi je? Konde si ufukweni hasa, lakini upepo wa kaskazi hauchagui. Skrubu zote ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila kiungo cha koaksi kifungwe utepe wa mpira unaojishika wenyewe kwa wenyewe, kisha utepe wa kawaida juu yake.

---

Wa_Vuga

Nashukuru sana, Fundi, na wewe Baharia umenitia hofu yenye faida. Relei ya SMS sikuwa nayo kabisa katika mawazo yangu.

Naomba niulize mambo mawili yaliyobaki. Swali la Morse halijajibiwa: nina kibonyezo cha pedali mbili na sipendi kuandika kwa kibodi. Na kuna rafiki yangu mwenye leseni ya Ujerumani, tuliyejuana hewani, ambaye aliposikia habari ya mpango huu aliomba nimpatie njia ya kuingia ili naye awaite wenzake hewani kutoka Pemba, na akasema yuko tayari kuchangia gharama za bando. Sioni ubaya, lakini ningependa kusikia maoni yenu.

---

Mwalimu_Wete

Nitajibu la Morse, na la rafiki niwaachie wengine.

Kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika, nukta moja ya Morse huchukua milisekunde 60. Kwa maneno 25 ni milisekunde 48. Mtandao wa simu wa 4G, hata ukiwa mzuri, hauzifikishi pakiti kwa mwendo sawa: moja huja baada ya milisekunde 40, inayofuata baada ya 90, nyengine 55. Ukiipeleka Konde kila hatua ya kubonyeza na kuachia kama inavyotokea, tofauti hizo zitakula nukta nzima, na herufi S itatoka kama kitu ambacho hakimo katika msimbo wowote. Ucheleweshaji peke yake si adui, kwa sababu ucheleweshaji usiobadilika husogeza tu kila kitu mbele kwa pamoja. Kinachoharibu ni kuyumba kwake.

Kwa hiyo Morse isisafiri kama sauti wala kama mibonyezo tupu. Inaweza kusafiri kama maandishi: unaandika herufi, nayo redio ya Konde inazipiga yenyewe kwa kasi uliyoipanga. IC-7300 hupokea maandishi ya namna hiyo kwa amri zake za kompyuta. Hicho ndicho ulichosema hukipendi. Ukitaka pedali zako, basi unahitaji kifaa cha kupigia Morse (keyer) upande wa Vuga kinachotengeneza nukta na vistari hapo hapo, kikupe mlio wake masikioni mwako bila ya kungoja Pemba, kisha kiandike muda wa kila mbonyezo na kuupeleka Konde, ambako upande wa pili huzikusanya pakiti kwa muda mfupi kabla ya kuzipiga kwa muda ule ule ulioandikwa. Visanduku vya RemoteRig alivyovitaja Fundi vinafanya hivyo, na hapa ndipo ninapotofautiana naye kidogo: kwa mpigaji wa pedali, vina thamani ambayo kompyuta ndogo haiifikii bila ya kazi nyingi. Jambo moja usilisahau ni kuzima mlio wa Morse unaorudi kutoka kwenye redio yenyewe. Ukiusikia mlio wako umechelewa kwa robo ya sekunde, vidole vitapotea njia hata uwe na uzoefu wa miaka.

Kwa mazungumzo ya sauti usiwe na wasiwasi. Ucheleweshaji wa jumla ukiwa chini ya milisekunde 300 hivi, mtu wa upande wa pili hatambui, ila atakuona mzito kidogo wa kujibu. Penye msongamano wa vituo vingi vinavyomwita mmoja utakosa baadhi ya nafasi, maana wenzako wanaanza kuita wewe bado unasikia maneno ya mwisho. Setilaiti zilizotulia angani kwa kilomita 36,000 ni habari nyengine; huko kwenda na kurudi peke yake kunakaribia nusu sekunde, na mazungumzo yanakuwa ya kuviziana.

Ikiwa utapenda FT8 pia, yaani mtindo wa kurushiana ujumbe mfupi kwa kompyuta, usiipitishe sauti yake kwenye mtandao. Kila kipindi cha FT8 ni sekunde 15 na urushaji wenyewe ni sekunde 12.6 hivi, na saa za pande mbili zinatakiwa zipishane kwa kiasi kisichozidi sekunde moja ili kazi iende vizuri. Sauti inayokatikakatika njiani haisomeki. Weka WSJT-X, ambayo ni programu ya FT8, kwenye kompyuta ya Konde, iongee na redio kwa USB, na wewe uione skrini yake tu kutoka Vuga. Hapo hata intaneti ikisita, ujumbe unaorushwa unatoka mzima. Saa ya kompyuta hiyo hurekebishwa na mtandao, lakini Raspberry Pi nyingi zinazotumika hazina betri ya saa, hivyo baada ya kukatika umeme na intaneti kwa pamoja huamka zikiwa na saa isiyo sahihi. Kipokezi kidogo cha GPS cha USB kinalitatua hilo.

---

Mshauri_Kikwajuni

Nimesoma yote na nitazungumzia la rafiki, kwa sababu hapo ndipo kituo kizuri kinapoweza kumtia mwenyewe matatani.

Mawimbi yanatoka Konde, kwa hiyo kwa upande wa sheria urushaji ni wa Tanzania, hata kama kidole kilichobonyeza kiko Berlin. Posta na simu ni katika mambo ya Muungano, na mwenye mamlaka juu ya leseni za redio, Unguja na Pemba kama Bara, ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Leseni ya Kijerumani ya rafiki yako inampa haki ya kurusha Ujerumani. Haimpi haki ya kurusha kutoka Pemba kwa sababu tu umempa neno la siri. Akitaka kurusha, aombe kibali cha hapa kwa jina lake, kama ambavyo angefanya akija mwenyewe kwa boti. Na wewe pia, kabla ya kuihamishia redio Konde, waandikie TCRA ueleze mahali pa kituo, namna utakavyokiongoza na vizuizi vya kuzimia alivyovieleza Baharia, uombe jibu la maandishi. Leseni yako inawezekana imeandikwa anwani ya Vuga, na kituo kisicho na mtu ndani yake ni jambo ambalo ofisa yeyote atataka kuliona kwenye karatasi.

Huo mchango wa bando uukatae kwa upole. Kanuni za Redio za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, zinaieleza huduma ya ridhaa kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi bila ya maslahi ya fedha. Watu wawili kuchangia gharama pengine si biashara, lakini wa tatu na wa nne wakiingia kwa mtindo huo huo utashindwa kueleza tofauti.

Kuna mtu huenda akakwambia kwamba VPN nayo ni haramu kwa sababu redio ya ridhaa hairuhusiwi kuficha maana ya ujumbe. Asikusumbue. Katazo hilo linahusu kinachorushwa hewani baina ya vituo, na hewani sauti yako inatoka wazi kama ya kila mtu. Kinachofichwa ni njia ya intaneti baina ya Vuga na Konde, na huko kuficha ni wajibu.

Kwa wanaokusanya nchi walizowasiliana nazo, utaratibu wa tuzo ya DXCC unahesabu mahali ulipo mtambo wa kurushia, na unataka mtambo huo na kipokezi viwe ndani ya duara la kipenyo cha mita 500. Maana yake ni kwamba huwezi kurusha kutoka Vuga ukasikilizia Konde halafu ukadai hesabu, ingawa wazo hilo linavutia kwa mtu mwenye kelele za mjini. Pemba itahesabiwa kuwa Tanzania. Zanzibar ilikuwa na hesabu yake peke yake, kwanza kwa alama za mwito za VQ1 na baadaye 5H1, lakini ni kwa mawasiliano yaliyofanywa hadi tarehe 31 Mei 1974 tu, na wazee wa Ulaya bado wanazihifadhi kadi hizo kama vipande vya dhahabu. Kwenye daftari lako na kwenye FT8 andika mraba wa ramani wa Konde, ambao msimbo wake ni KI95, si KI93 wa mjini, kwa sababu programu hujaza yenyewe ule uliouandika mara ya kwanza na wengi hawarudi kuutazama.

Rafiki yako unaweza kumridhisha kwa njia nyengine. Weka Konde kipokezi cha KiwiSDR, ambacho kinasikia kuanzia chini kabisa hadi megahezi 30 na kinaruhusu watu kadhaa kusikiliza kwa wakati mmoja kupitia kivinjari cha kawaida. Hakirushi chochote, kwa hiyo maneno yangu yote ya juu kuhusu kibali chake hayamgusi, na yeye atasikia Pemba inavyosikia. Itabidi tu umwekee kikomo cha saa, kwani wageni wakisikiliza mchana kutwa ni bando lako linalokwenda, na kipokezi hicho kiwe na antena yake mbali na ile ya kurushia, au kiwe na relei inayokitenga kila redio inaporusha, maana wati 100 kwa karibu zitakiunguza.

---

Baharia_Mkoani

Naongeza moja tu juu ya la Mshauri. Namba ya SMS ya kuzimia isiwe kwako peke yako. Mpe mdogo wako, na umpe mwendeshaji mwengine mwenye leseni aliye karibu na redio yake mwenyewe, ili akikusikia umeganda hewani akuzime bila ya kukutafuta kwanza. Mimi niko Mkoani na hiyo kazi naikubali.

---

Wa_Vuga

Nimekubali, Baharia, na nitakuandikia faraghani. Barua ya TCRA naanza nayo kesho. Fundi, umetaja seva ya Afrika Kusini: kwa laini ya 4G ya Konde, je, utanishauri nipime muda wa pakiti kwa wiki nzima kabla ya kulipia, au saa za jioni peke yake zinatosha?

---

Fundi_Machomane

Jioni, baina ya saa moja na saa nne za usiku, ndipo mnara unapobeba watu wengi zaidi, na ndio wakati utakaotaka kuwa hewani kwenye mita 40. Ukipima asubuhi utapata namba nzuri zisizokusaidia. Ila usitazame wastani. Tazama pakiti iliyochelewa kuliko zote katika kila dakika, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuamulia ukubwa wa akiba ya sauti utakayoiweka kwenye wfview. Na upime kutoka Konde hadi seva, kisha kutoka seva hadi Vuga, kila upande kwa nafasi yake, ili ukiona ubaya ujue ni laini ya wapi ya kubadilisha.